Pampu ya maji ya kioo cha gari: namna ya kujua imekufa na kuibadilisha mwenyewe

Asubuhi moja ya mvua za vuli nilikuwa nashuka kutoka Mariakani kuja Mombasa, mamangu amekaa kiti cha mbele, tunawahi hospitali. Mvua ilikuwa imekatika usiku lakini barabara bado ilikuwa na tope la malori. Tulipopita Mazeras jua likachomoza mbele yetu, na lori moja lililotupita likanirushia tope kioo kizima. Nikavuta swichi ya maji. Waipa zikapiga, maji hayakutoka. Tope likapakwa kioo chote kama chokaa ukutani, na lile jua likaligeuza pazia jeupe.

"Mwanangu, wewe waona?" mamangu akaniuliza.

Sikumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Nilikanyaga breki, nikatoa kichwa dirishani, na hapo ndipo nilipomuona kijana wa mkokoteni wa mitungi ya maji, hatua chache tu mbele ya bampa langu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde nne za upofu ni zaidi ya mita 60. Yule kijana alinusurika kwa rehema ya Mungu, si kwa ujanja wangu.

Kinachonisuta hadi leo ni kwamba nilijua. Miezi miwili nzima maji yalikuwa hayatoki, nami nikawa nabeba chupa ya maji na tambara, nikisema nitatengeneza wiki ijayo. Naandika makala haya ili wewe msomaji usingoje mkokoteni wako. Kazi yenyewe ni ndogo, na ukiijua utajiepusha pia na kulipia vitu ambavyo havijaharibika.

Mtambo wenyewe ni huu

Chini ya boneti, au nyuma ya bampa kwenye kona, mna chupa ya plastiki ya maji. Ubavuni mwa chupa hiyo, karibu na kitako, pamechomekwa pampu ndogo yenye ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima au zaidi kidogo. Imeshikwa na kiringi cha mpira ambacho pia huzuia maji yasivuje. Ndani ya pampu mna mota ya volti 12, na kwenye ncha yake kipangaboi kidogo kinachosukuma maji kupitia kipaipu cha mpira hadi kwenye nozeli zilizo juu ya boneti au chini ya kioo.

Unapovuta mkono wa waipa, swichi hukamilisha njia ya umeme, mota huzunguka na maji hupanda. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Ni chupa, pampu, kipaipu, nozeli, fyuzi, swichi na waya mbili. Likiharibika jambo, ni mojawapo ya hayo.

Magari yenye waipa ya nyuma, kama Probox na ndugu zake, yana mipango miwili. Mengine yana pampu mbili juu ya chupa moja, ya mbele na ya nyuma. Mengine yana pampu moja yenye midomo miwili: mota ikizunguka upande huu maji huenda mbele, ikizunguka upande wa pili huenda nyuma. Angalia lako ni la aina gani kabla ya kwenda duka la spea.

Kabla ya kununua, pima

Gereji ya kwanza niliyokwenda, fundi alifungua boneti, akavuta swichi mara mbili, akaniambia, "Boss, hapa pampu imekufa, swichi imekufa, na waya pia tubadilishe." Akataja shilingi 7,500. Hakuwa ameshika hata testa mkononi.

Nilirudi nyumbani nikamweleza jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya umeme wa magari. Akacheka. "Mwanangu, usinunue kitu ambacho hujakipima. Lete taa."

Haya ndiyo aliyonifundisha, kwa mpangilio wake.

Hatua ya kwanza: tumia masikio

Zima injini, kisha rudisha ufunguo kwenye ON bila kupiga stata. Mtu mmoja akae ndani avute swichi ya maji, mwingine asogeze sikio karibu na chupa. Uwe mwangalifu: ufunguo ukiwa ON na injini ikiwa bado moto, feni ya rejeta ya umeme yaweza kuwaka yenyewe. Weka mikono, kanzu na leso mbali nayo.

Ukisikia mngurumo mdogo, kama nyuki ndani ya kopo, basi umeme unafika na mota inazunguka. Tatizo lako ni la maji. Usiposikia chochote, tatizo ni la umeme au pampu yenyewe. Sauti hiyo peke yake inakupunguzia nusu ya kazi.

Usidanganyike kwa kuona waipa zinapiga unapovuta swichi. Waipa zina njia yake na pampu ina njia yake, hata kama mkono ni mmoja.

Pampu inanguruma lakini maji hayatoki

Anza na lililo rahisi hata kama unaona haya: je, chupa ina maji? Wako watu waliolipa fundi ili ajaziwe maji. Ikiwa ulijaza jana na leo ni tupu, chungulia chini ya gari. Huenda chupa ina ufa au kiringi cha mpira kimekauka na kuvujisha.

Maji yakiwapo, chomoa kipaipu pale kinapoingia kwenye nozeli, kisha vuta swichi. Maji yakitoka kwa nguvu kwenye kipaipu, pampu yako ni nzima na nozeli ndiyo iliyoziba. Chukua sindano nyembamba ya kushonea, zibua kitundu pole pole, kisha puliza au pitisha maji kutoka upande wa nyuma ili uchafu utoke nje badala ya kuusukuma ndani. Ukitumia nguvu utakipanua kitundu, na maji yatamwagika boneti badala ya kuruka kiooni.

Maji yasipotoka hapo, fuata kipaipu kurudi nyuma. Kagua hasa karibu na bawaba za boneti, ambapo hujikunja kila unapofungua na kufunga, na pale kinapounganishwa kwa viungo vya plastiki. Joto la injini huukausha mpira ukapasuka. Kipande kilichopasuka hukatwa na kuunganishwa, au unanunua kipaipu kipya cha kipenyo hicho hicho.

Ikiwa kipaipu ni kizima, kichomoe kwenye mdomo wa pampu yenyewe na ujaribu tena, ndoo ikiwa chini. Hapo maji yakitoka vizuri, kizuizi kiko mahali fulani kwenye kipaipu. Yasipotoka, ama chujio dogo lililo kwenye kiringi limeziba kwa tope na utelezi, ama kipangaboi cha pampu kimevunjika: mota yazunguka, lakini haisukumi chochote. Kwa vyovyote pampu itabidi itolewe.

Kimya kabisa: fuata umeme

Kwanza fyuzi. Fungua kijisanduku cha fyuzi, soma mchoro ulio kwenye kifuniko, tafuta iliyoandikwa WASHER au WIPER. Kwenye magari mengine hizo mbili hutumia fyuzi moja, kwa hivyo ikiwa waipa nazo zimegoma, anzia hapo. Ikiwa uzi wake umekatika, weka nyingine ya namba ile ile. Usiweke kubwa zaidi, wala usifunge waya au karatasi ya sigara. Fyuzi ipo iungue yeye ili waya zisiungue. Ikikatika tena mara tu unapovuta swichi, huenda mota imeshikana au kuna waya uliochubuka unaogusa bodi.

Fyuzi ikiwa nzima, chomoa plagi ya waya kwenye pampu. Itazame. Kwetu Pwani hewa yenyewe ina chumvi, na pini za shaba hugeuka kijani. Mara nyingi ugonjwa wote uko hapo. Zisugue kwa msasa laini au mswaki mkavu, zirudishe, jaribu tena.

Bado kimya? Sasa ndiyo ile taa. Chukua balbu ndogo ya volti 12, ya watt 5 hivi, yenye waya mbili. Gusisha waya moja kwenye pini moja ya plagi, nyingine kwenye pini ya pili, kisha mwenzako avute swichi.

Yule mzee alinikanya mambo mawili hapa. La kwanza, nisiweke waya moja ya taa kwenye bodi ya gari kama tulivyozoea. Magari mengi, zikiwemo Toyota nyingi, hupeleka umeme kwenye pampu muda wote ufunguo ukiwa ON, na swichi kazi yake ni kukamilisha njia ya kurudi. Ukipima kwa bodi taa itawaka hata swichi ikiwa mbovu, nawe utaihukumu pampu isiyo na hatia. Pima kati ya pini mbili. La pili, mita ya kidijitali yaweza kukuonyesha volti 12 hata kwenye waya uliobakiwa na unyuzi mmoja, kwa kuwa mita hainywi umeme. Taa hunywa. Ikiwaka vizuri, njia ni safi kweli.

Taa ikiwaka na pampu haizunguki, basi pampu imekufa. Taa isipowaka, usinunue pampu. Kosa liko kwenye waya, swichi au fyuzi. Ikiwaka kwa unyonge, tafuta muunganisho wenye kutu.

Kwa uhakika wa mwisho, ipe pampu umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya mbili, ule wa chanya ukiwa na fyuzi njiani. Fanya hivyo kwa sekunde moja au mbili tu ikiwa haina maji, kwani maji ndiyo yanayoilainisha. Unganisha kwanza upande wa pampu, kisha betri, ili cheche isiruke ovyo. Wakati mwingine pampu ikigongwa kidogo kwa mpini wa bisibisi huamka. Usifurahi. Hiyo ni dalili kwamba kaboni zake zimekwisha au kutu imeanza kuishika, na itakuacha tena, pengine nyuma ya lori.

Kwenye gari langu taa iliwaka vizuri. Swichi nzima, waya nzima. Pampu tu ndiyo iliyokuwa maiti. Yule fundi alipatia moja katika matatu.

Kununua

Itoe ya zamani kwanza uende nayo dukani, au angalau uwe na picha yake. Linganisha mambo manne: idadi ya midomo ya maji, unene wa shingo inayoingia kwenye chupa, umbo la plagi ya waya na urefu wa pampu yenyewe. Rangi si kitu. Nunua na kiringi kipya cha mpira; bei yake ni ndogo na cha zamani mara nyingi hakishiki tena. Ukinunua ya mitumba iliyotoka Japan, mwambie muuzaji aijaribu kwa betri mbele yako. Mimi nilitoa shilingi 900 kwa pampu na kiringi chake.

Kubadilisha, hatua kwa hatua

Vifaa: bisibisi ya nyota na ya bapa, koleo, spana namba 10, ndoo, tambara na maji ya sabuni kidogo.

1. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki. Kata usukani mpaka gurudumu la upande wa chupa likupe nafasi, kisha toa ufunguo. Ukilazimika kuinua gari, liweke juu ya stendi na uzuie magurudumu kwa mawe. Usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Ifikie pampu. Kwenye magari mengine inaonekana kutoka juu. Kwenye langu ilibidi nifungue ile plastiki iliyo ndani ya madigadi. Imeshikwa kwa skrubu chache na klipu za plastiki. Sukuma au inua kitovu cha klipu kwanza, kisha uivute. Hazipendi papara, na zikiwa kuukuu huvunjika, basi uwe na chache za akiba. Si lazima kuitoa plastiki yote. Inatosha kuikunja.

3. Chomoa plagi ya waya kwa kubonyeza kilimi chake. Shika plagi, usivute waya.

4. Ikiwa pampu ina midomo miwili, tia alama kipaipu cha mbele kwa kipande cha tepu. Kisha zungusha vipaipu kidogo na kuvichomoa. Maji yataanza kutoka, kwa hivyo ndoo iwe tayari.

5. Ikamate pampu, iinamishe nje ya chupa huku ukiizungusha kidogo, kisha ivute moja kwa moja. Usiisokomeze bisibisi kwenye chupa. Plastiki iliyopigwa na jua miaka kumi hupasuka kama kigae. Chupa itamwaga maji yote yaliyobaki.

6. Sasa safisha chupa. Hili ndilo wengi huliruka. Mimi nilitoa utelezi wa kijani, mchanga, na magamba meupe ya chumvi. Suuza hadi maji yatoke safi. Ukiirusha pampu mpya ndani ya uchafu wa zamani, umenunua ugonjwa ule ule.

7. Chomeka kiringi kipya na chujio lake. Lainisha kwa maji ya sabuni, kisha isukume pampu kwa kiganja mpaka ikae. Usipake grisi wala oili ya injini, kwa maana mafuta ya petroli huvimbisha na kuozesha mpira.

8. Rudisha vipaipu kila kimoja mahali pake, rudisha plagi mpaka usikie imelia tak.

9. Jaza maji na ujaribu kabla hujarudisha plastiki. Angalia kama kuna uvujaji kwenye kiringi. Mara ya kwanza vuta swichi kwa vipindi vifupi mpaka hewa itoke na maji yafike juu. Ukivuta ya mbele yakatoka nyuma, umebadilishana vipaipu, vigeuze.

10. Elekeza nozeli kwa sindano ili maji yatue katikati ya kioo au juu kidogo, kwa sababu gari likienda kasi upepo huyashusha. Rudisha plastiki na klipu zote. Plastiki iliyoachwa inaning'inia hukwaruzwa na tairi.

Kazi yote ilinichukua saa moja na nusu, chai ikiwemo.

Kwa nini ilikufa

Mzee aliipasua ile pampu kuukuu mbele yangu. Ndani mota ilikuwa imeshikana kwa kutu, na mlangoni kuna chumvi iliyoganda. Akaniuliza, "Ulikuwa ukitia maji gani?"

Maji ya kisima. Sisi wengi wa Mombasa twayajua maji hayo: ya kufulia, ya kuogea, lakini ukiyachemshia chai huinywi. Chumvi isiyofaa kwenye chai haifai pampuni. Kila tone linalokauka kwenye nozeli huacha chembe, na chembe huwa kizibo. Na hata kabla ya kuziba, huacha ukungu mweupe kwenye kioo.

Tia maji baridi: ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa, au yale matamu ya kununua kwa mtungi. Ongeza dawa ya kioo inayouzwa kwenye maduka ya spea, kwa kipimo kilichoandikwa. Sabuni ya unga na ya vyombo ziache jikoni. Hufanya povu na kuacha utando unaong'aa usiku taa za magari zinapokupiga usoni. Kwenye nchi za baridi dawa hiyo huchanganywa na alkoholi, mara nyingi methanoli, ili isigande. Sisi hatuna haja ya hiyo, na methanoli ni sumu. Chupa yoyote ya dawa ya kioo iwekwe mbali na watoto.

Maji yasilale miezi. Mwaka 2010 wataalamu wa afya wa Uingereza walieleza uhusiano kati ya maji matupu ya kioo, yasiyo na dawa, na ugonjwa wa mapafu uletwao na bakteria wa Legionella kwa madereva. Bakteria hao hupenda maji ya vuguvugu yaliyotuama, na chupa iliyo kando ya injini kwenye joto letu ni vuguvugu mwaka mzima.

Jizoeze jambo moja: kila unapojaza mafuta, vuta swichi ya maji mara moja na usikilize. Mngurumo ukibadilika au maji yakipungua nguvu, shughulikia wiki hiyo hiyo. Na ikiwa hivi sasa maji hayatoki, usisafiri barabara kuu msimu wa mvua mpaka utengeneze. Tope likikupata njiani, punguza mwendo, washa taa za hatari, toka pembeni ukafute kwa mkono. Usiguse waipa kwenye tope kavu. Itakukwaruzia kioo na kukupofusha.

Tulifika hospitali salama siku ile, tumechelewa. Mamangu hakusema neno tena njia nzima. Wiki iliyofuata, tulipokuwa twarudi kliniki, alininyooshea kidole kioo kabla hatujatoka mlangoni. "Vuta nione." Nikavuta, maji yakaruka. Ndipo akafunga mkanda.